Vitambaa Kumi na Viwili

3 Februari

Chiriku wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila baba yako miguu inamsumbua na masikio yamezidi kugoma. Redio anaifungulia mpaka mwisho, kisha anabishana nayo. Jana alimwambia mtangazaji wa habari kwamba hana adabu. Mimi sare za shule zimenifika shingoni. Cherehani ilikata mkanda katikati ya wiki, fundi viatu wa jirani akanikatia kipande cha ngozi, na sasa inalia kila ninapokanyaga, lakini inashona.

Hizo ndizo habari. Sasa lililonikalisha kuandika.

Barua yako ya Desemba nimeisoma mara nne. Umeeleza kwamba umejiunga na kikundi cha washauri nasaha wenzako wanaotibu watu kwa njia nyingine, halafu mwishoni ukaniuliza: "Unaposoma haya, Shangazi, moyoni unasikia nini?" Mwanangu, katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kuulizwa hivyo. Sisi huulizana umekula, umefunga mlango, na nguo umeanua. Nimekulea tangu ukiwa na miaka tisa, maneno yako nayajua na ya kuazima nayajua. Hayo ni ya kuazima. Nani kakupa?

Sisemi kazi yako ni mbaya. Nilicheka ulipoisomea, ndiyo, kwamba Chiriku aliyekuwa akiongea mpaka usingizini sasa ataajiriwa kunyamaza. Lakini zamani ulikuwa ukiniandikia barua. Siku hizi naona kama ninapimwa, na mimi ndiye mwenye futi shingoni katika familia hii.

Nimekutumia vitambaa vya mkono kumi na viwili, pamba nyeupe, pindo nimeshona kwa mkono. Kama watu wanakuja kwako kulia, usiwape makaratasi. Niandikie vikifika.

Na usinipigie simu kuhusu haya. Simu yangu inasikika na kila mteja aliyesimama mlangoni. Ni ya kuulizana vipimo tu.

Wako,
Shangazi

1 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, mafua tu ya hapa na pale. Nimehamia chumba kingine cha kazi, ghorofa ya pili, dirisha linatazama ukuta wa chokaa, na wateja wanasema ukuta ule unawatuliza. Mwambie baba mtangazaji kweli hana adabu, mimi pia humsikia. Mkanda wa cherehani nitautafuta huku.

Umeniuliza nani kanipa maneno. Nitakueleza, maana sina cha kuficha.

Zamani nilifundishwa kukaa na uso usiosema kitu, daftari mapajani, mteja aeleze na mimi niandike. Watu walieleza vizuri sana, wakaondoka walivyokuja. Mwalimu wetu wa sasa ni mwanamke wa miaka sabini hivi. Tunamwita Bi Taratibu, kwa sababu kila dakika anasema, "Taratibu, rudi hapo." Anatufundisha kwamba jeraha alilolipata mtu akiwa peke yake haliponi akiwa peke yake. Lazima awepo mwingine, na uso wa huyo mwingine uonekane. Mteja akisema jambo la kuumiza sijifichi nyuma ya daftari. Namwambia limenigusa, namuuliza analisikia wapi mwilini, tunakaa nalo mpaka lipungue. Hata viti havitazamani moja kwa moja, tumeviweka mshazari kidogo ili mtu apate pa kupumzisha macho. Kila Alhamisi tunakutana watano, juu ya duka la vioo, tunatazama video za vikao vyetu, kipande kwa kipande. Wateja wenyewe wametia saini kukubali.

Na sisi tunatakiwa kujitazama. Ndiyo maana nina swali. Baba aliponitembelea mwaka juzi aliniambia sikuwepo kwenye mazishi ya mama kwa sababu nilikuwa na surua. Mimi surua siikumbuki. Nakumbuka wiki ile nilikuwa chini ya meza yako ya kukatia, napanga vifungo kwenye makopo kwa rangi. Vyekundu vilikuwa vichache. Mtoto mwenye surua hulazwa ndani, hapewi vifungo.

Sikulaumu. Nauliza tu unakumbuka nini.

Wako akupendaye,
Chiriku

20 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na moja, na bahasha ilikuwa imegundishwa mara mbili. Sisemi kitu.

Baba yako amepata miwani mpya, sasa anaona vizuri watu asiowasikia. Mke wa fundi viatu kajifungua pacha. Sare zimekwisha, nimeanza mapazia ya shule ile ile, maana mwalimu mkuu kaona nina huruma.

Vitambaa hukuvitaja. Ama vimepotea, ama kuna jambo. Posta walinipa risiti, kwa hiyo sidhani vimepotea.

Kuhusu surua, ulikuwa mtoto na homa husahaulisha. Vifungo ulipanga siku nyingi za utotoni, unazichanganya. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Najiuliza tu, miaka ishirini na sita hukuuliza, mbona umeuliza baada ya kukaa na huyo Bi Taratibu? Simwamini. Mwanamke anayewakusanya watu wazima kutazama picha za watu wakilia ana lake jambo. Na nyinyi watano mnaowatazama wenzenu, nani anawatazama nyinyi?

Mwisho wa barua yako umeandika "sikulaumu." Mtu asiyelaumu hana haja ya kusema.

Mkanda usitafute. Wa ngozi unatosha.

Shangazi

18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa, nisamehe. Tulikuwa na wageni kazini, halafu mafua yakanirudia. Pongezi kwa fundi viatu. Mwambie baba miwani isimzuie kuuliza, watu wanapenda kuulizwa.

Vitambaa vilifika tangu Februari. Viko kwenye droo yangu, kumi na viwili vyote, sijatumia hata kimoja. Niliona aibu kukwambia, nawe umenisoma.

Sababu ni hii. Kuna mteja wangu, mwanamume mtu mzima, zaidi ya hapo sitasema. Alikuwa akieleza habari za mama yake, sauti ikaanza kukatika. Kwenye video nikajiona. Kabla chozi halijadondoka, mkono wangu ulishafika kwenye boksi la tishu. Akachukua, akajifuta, akaomba radhi, akaanza kuzungumzia foleni za barabarani. Kikao kikaisha hapo, ingawa tulikuwa na nusu saa nzima. Bi Taratibu akasimamisha picha. Akasema, "Taratibu. Ukimpa mtu kitambaa kabla hajalia, umemwambia anyamaze. Mkono huu umejifunza wapi?"

Nilijua palepale, na nilikasirika kujua. Siku ile uliponiambia mama hayupo, hukuniambia kitu kingine. Ulitoa kitambaa mfukoni mwa gauni ukasema, "Futa, basi." Nikafuta. Nimekuwa nikiwafutisha watu tangu hapo, na nimewalipisha.

Unasema yaliyopita si ndwele. Huku kwangu yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, inaingia kila saa nne asubuhi na kuketi kwenye kiti. Kwa hiyo naacha kuzunguka. Nilikuwa na surua au sikuwa nayo?

Chiriku

2 Mei

Salamu. Baba yako hajambo. Cherehani haijambo.

Ndani ya bahasha yako kulikuwa na karatasi tatu. Mbili ni barua. Ya tatu ni kopi ya barua yangu ya Machi, jina langu na la mtaa wetu yamepakwa wino mweusi kama ya mhalifu. Bila shaka uliiweka mezani pamoja na yako ukazikunja kwa haraka. Haraka hiyo hukufundishwa na Bi Taratibu.

Pembeni mwa barua yangu wameandika watu watatu. Kalamu ya bluu: "Hapa anakimbia." Kalamu ya kijani, kwenye maneno yangu kuhusu miwani ya baba yako: "Mzaha ni ngao." Na pale kwenye homa pana penseli: "Anamlinda nani?" Bluu na kijani siwajui. Penseli naijua. Hiyo "n" yenye mkia nilikufundisha mimi, kwa chaki, juu ya meza ya kukatia.

Nilipokuuliza nani anawatazama nyinyi, kumbe mlikuwa mnanitazama mimi. Uliandika kwamba wateja wametia saini. Mimi nilitia wapi?

Niliandika habari za pacha wa jirani, na mwalimu mkuu, na baba yako asiyesikia. Niliandika kwa mtu mmoja. Nikadhani bahasha imefunguliwa posta, nikamshuku karani wa watu bure.

Surua yako ibaki ulipoiacha.

Shangazi

11 Mei

Shangazi, shikamoo,

Ni kweli. Niliipeleka Alhamisi, nikaitoa kopi, tukaisoma. Nilijiambia kwamba nikifuta jina si kitu, kwamba ni kazi, kwamba nahitaji msaada kukuelewa. Tulisoma barua yako tulivyozoea kutazama video. Sikuona kosa mpaka nilipopata barua yako, na hiyo inanitisha kuliko kosa lenyewe. Karani wa posta hana hatia, ni mimi niliyefungua bahasha kuongeza tarehe.

Kopi nyingine tatu nimezikusanya na kuzichana. Bi Taratibu aliponiuliza kwa nini, nilimwambia. Akasema hata yeye alipaswa kuuliza kuhusu saini, na hakuuliza.

Naomba radhi. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Chiriku

15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita. Nilimpigia baba, akasema u mzima na unashona, na kwamba huzungumzi mezani. Halafu akaniuliza kama naweza kumwambia mtangazaji apunguze kelele.

Siulizi surua tena. Nataka tu kujua mkanda wa ngozi bado unashika.

Chiriku

8 Julai

Mwanangu,

Unashika. Marahaba zote mbili pamoja. Baba yako alianguka bafuni mwezi uliopita, si vibaya, kiwiko tu. Hakukwambia kwa sababu nilimkataza. Naona kukataza watu kusema ndiyo fani yangu ya pili baada ya sare.

Barua hii isome peke yako. Ukishindwa kuisoma peke yako, ichome, lakini isivuke mlango wako.

Penseli yako iliuliza ninamlinda nani. Nimekaa na swali hilo miezi miwili, nikiwa na hasira nawe, na hasira ilipopungua swali likabaki. Surua hukuwa nayo. Niliitunga mimi.

Mama yako alilazwa wodi ya pili, kitanda cha mwisho, dirishani, palipotazama kamba za kuanikia mashuka. Baba yako alikuwa safarini na lori, kupatikana ilikuwa kazi. Niliyekuwa nikienda kila siku ni mimi. Jumapili mama yako akaniambia, "Wifi, niletee mtoto nimuone." Nikasema kesho, leo umechoka. Jumanne akaniambia tena. Nikasema watoto hawaruhusiwi wodini. Muuguzi alikuwa palepale, akanitazama, akaendelea kutandika kitanda cha pili. Alhamisi hakuwa na sauti. Alinyoosha mkono kando ya godoro, kiganja chini, akanionyesha kimo chako. Nikasema mtoto amelala. Ilikuwa saa sita mchana. Ijumaa asubuhi alikuwa ameshakwenda.

Na wewe muda wote huo ulikuwa chini ya meza yangu na vifungo vyako. Kweli, vyekundu vilikuwa vichache.

Baba yako alipofika mazishini akauliza uko wapi. Sikuweza kusema nimekuacha kwa jirani, nikasema una surua. Uongo mmoja ukahitaji mwingine, nikakufungia nyumbani siku kumi.

Miaka yote hii nimejiambia nilikulinda usimwone mama yako amebaki mifupa. Watu wakanisifu kwa hilo, nikapokea sifa. Lakini mimi na mama yako tulikuwa hatupikiki chungu kimoja, na sababu zilikuwa za kijinga hata sizikumbuki. Mimi mtoto sikujaliwa. Wiki ya pili ukiwa kwangu, mchana mmoja, ulikuwa ukiomba mkasi ukaniita mama. Ulikosea, ukaendelea na mkasi wako. Mimi sikuendelea. Nikafikiri, akimwona ataendelea kuwa wake. Asipomwona, atakuwa wangu. Niliyekuwa namlinda ni mimi.

Nikakupa kitambaa, nikasema futa, basi. Ukafuta. Chiriku akanyamaza mwaka mzima, na mimi nikawaambia majirani, mnaona, amezoea.

Sasa umempita mama yako umri kwa miaka minne. Nilikuwa nikihesabu.

Nakuomba jambo moja. Usinijibu kwa sauti ya kazini. Usiniambie limekugusa wala usiniulize nalisikia wapi mwilini. Nijibu kama mtu aliyekosewa.

Shangazi yako

21 Julai

Shangazi,

Shikamoo nimeiandika juu ya karatasi hii mara mbili nikaikata. Nitajaribu tena mwishoni.

Nimesoma peke yangu, kazini, mlango umefungwa, nimekaa kwenye kiti cha wateja. Alhamisi iliyopita sikwenda juu ya duka la vioo. Hakuna aliyeiona.

Umeninyima. Sina namna ya adabu ya kulisema. Mara tatu aliniita, na mara ya tatu kwa mkono, na wewe ulikuwa na dakika ishirini tu za kutembea kunichukua chini ya meza. Nimekuwa nikijiuliza maisha yangu yote kwa nini mama hakutaka kuniaga. Niliamini nilimchosha kwa maneno yangu. Hiyo ndiyo sababu nilinyamaza mwaka ule, si kwamba nilizoea. Nilinyamaza ili mwingine asiondoke. Mwingine ulikuwa wewe.

Nakupenda na sijui nikufanye nini.

Najua jinsi ya kukaa na hasira ya mtu mwingine, nimesomea. Yangu siijui. Nimeosha kikombe kimoja mara tano. Kwa hiyo nakuja Jumamosi tarehe tisa Agosti. Siji kukusamehe, hilo sijalifikia na huenda nisilifikie. Nakuja kukasirika mbele yako, kwa sababu nikikasirika huku peke yangu nitakuwa nafanya ulichonifundisha.

Baba umwambie wewe, kabla sijafika. Mimi sitamdanganya, na sitamwambia kwa niaba yako.

Vitambaa nakurudishia kwa kifurushi, vyote kumi na viwili. Nikianza kulia usinipe hata kimoja. Usiseme basi. Usiende jikoni. Kaa hapohapo nikuone.

Shikamoo.

Chiriku

31 Julai

Marahaba.

Baba yako nilimwambia Jumapili. Niliizima redio nikasema karibu na sikio lake, polepole, yote, mpaka ule mkono kando ya godoro. Aliniuliza kitu kimoja tu, ni upande gani wa kitanda. Nikamwambia wa dirishani. Redio hajaiwasha mpaka leo, na mimi sijathubutu kumwashia.

Kifurushi kimefika. Vitambaa nimevifungia kabatini, na ufunguo nimempa fundi viatu akae nao hadi uondoke, maana mkono wangu siuamini.

Chumba cha kushonea nimekitoa mapazia. Nimeweka viti viwili, mshazari kidogo, kama ulivyoandika. Chako kinatazama mlango ili ukitaka kutoka utoke. Changu nimekisogeza ukutani, nyuma yangu hapana njia.

Naogopa, Chiriku. Njoo.

Shangazi